Macho Meupe, Miguu Mizito

Nje ya mlango wa mashine zangu za kusaga nafaka, pale Buguruni, kuna mama mmoja anakamua juisi ya miwa. Asubuhi anapoingiza muwa wa kwanza kwenye mashine yake, harufu inatoka mbichi na tamu, kama majani yaliyotoka kufyekwa, inapita juu ya vumbi la unga na kunifuata hadi kwenye meza yangu. Wateja wanaisifu. Mie ikinifikia natafuta mahali pa kukaa. Siichukii, msinielewe vibaya. Ni miguu tu ndiyo inayoikumbuka.

Kwanza niwaambie mie ni nani, mjue kwamba anayesema nanyi si mtu wa kulialia. Nina mashine nne za kusaga na mbili za kukoboa, nina Fuso mbili zinazokwenda Morogoro na kurudi, na nyumba yangu ya Mikocheni ina vyumba ambavyo sijawahi kulala ndani yake. Elimu yangu ni darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nadhani walimu walinivusha ili wasinione tena. Nilianza na karai la kukaangia mihogo. Hakuna aliyenishika mkono. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nasemaga, kwenye harusi, kwenye misiba, na siku moja hata mbele ya diwani, na ushahidi wangu ulikuwa kisa kimoja: kwamba nikiwa na miaka tisa, ugonjwa wa manjano haujaniacha vizuri, nililima matuta matatu ya viazi kwa mikono yangu miwili. Mfanyakazi wangu akiniletea habari za kuchoka, nilimsomea kisa hicho kama mtu anavyosomewa sheria. Leo nataka kuwasimulia nyie, safari hii bila kukiremba.

Tulikuwa tunakaa Mtoni, upande wa kushoto ukielekea Mbagala, kwenye nyumba ya udongo iliyopauliwa kwa madebe yaliyokunjuliwa. Zilikuwa siku zile za Ujamaa ambapo sukari mtu aliisikia kwa majirani kabla ya kuiona. Baba alikuwa kuli bandarini, na jioni akishavua gwanda la kazi alikuwa balozi wa nyumba kumi. Kazi ya bandarini ilimpa chakula. Ubalozi ulimpa shingo. Mgeni akiingia mtaani sharti apite kwake. Ugomvi wa mume na mke uliishia kwenye benchi letu. Na kulikuwa na jambo moja ambalo hakulivumilia kabisa, nalo ni mtu mzima wa afya kuonekana amekaa. Ulipomwamkia shikamoo, alikuwa anajibu, "Marahaba, umefanya nini leo?" Yote kwa pumzi moja. Mpaka watoto wadogo walidhani ndiyo namna ya kuitikia.

Mwaka huo mama alikuwa amejifungua mdogo wetu wa mwisho na alikuwa ndani kwenye arobaini yake. Nyie mnajua arobaini ilivyokuwa kwa watu wetu wa pwani. Mzazi hagusi jiko, hagusi ndoo wala fagio. Anakaa chumbani na mtoto wake, anakandwa kwa maji ya moto, anapakwa mafuta ya nazi, anafukizwa udi, na nyumba inaendeshwa na mwanamke mwingine. Kwetu mwanamke huyo mwingine alikuwa dada yangu Mwanahawa. Alikuwa na miaka kumi na mitatu na alikuwa darasa la saba. Alikuwa anaamka, anachota maji bombani, anapika uji wa mzazi, anafua nepi, anakwenda shule, anarudi, anaanza upya. Sikuliona hilo kuwa ni jambo. Mtoto wa miaka tisa haoni anayemletea sahani, anaona sahani.

Ugonjwa wenyewe ulinianza kwa pua. Jioni moja dada alikuwa anakaanga dagaa uani, chakula nilichokuwa tayari kukipigania, na ile harufu ya mafuta ikanigeuza tumbo. Kesho yake mkojo wangu ulikuwa na rangi ya chai isiyo na maziwa. Siku ya tatu akaja jirani yetu, Mama Zaituni, ambaye mtaa mzima ulimwamini kwa magonjwa ya watoto kwa sababu alizaa tisa na wote wako hai. Alinishika kidevu, akanisogeza kwenye mwanga, akanivuta kope ya chini kwa kidole gumba kilichonuka vitunguu. "Nyongo hii," akasema. "Tazameni macho, kama kiini cha yai."

Zahanati walikubaliana naye. Walimwambia baba hakuna dawa wala sindano ya ugonjwa huo. Mtoto alale, asipewe mafuta, apewe vitu vitamu. Kwa kuwa vitamu vilikuwa havipatikani madukani, baba akawa anapita Mbagala na baiskeli akitoka kazini, anarudi na mzigo wa miwa umefungwa kwa mpira. Nikatandikiwa mkeka kibarazani, mahali penye upepo, na hapo nikakaa kama sultani. Dada alikuwa ananimenyea muwa kwa kisu, anaukata pingili ndogondogo, ananiwekea kwenye bakuli la bati. Wali wangu mweupe usio na mafuta nilikuwa naula vijiko viwili, na kilichobaki alikimaliza yeye, kwa kijiko hichohicho, amesimama, maana chakula hakikutupwa siku zile.

Kila aliyepita mtaani alinivuta kope. Sisemi uongo. Muuza mkaa alinivuta kope. Mwalimu wa madrasa alinivuta kope, akasoma kidogo, akanipulizia. Watu waliokuja kumtazama mzazi na mtoto walianzia kibarazani kwangu, wakainama, wakavuta, wakatoa hukumu: leo afadhali, leo bado, leo kama yamefifia. Mie mwenyewe hakuna aliyeniuliza ninajisikiaje. Macho ndiyo yaliyokuwa yanaulizwa.

Baada ya majuma matatu au manne macho yakawa meupe. Mama Zaituni aliyathibitisha asubuhi, na jioni baba akatoa sadaka. Dada alipika wali wa nazi sinia mbili, watoto wa mtaa wakaitwa, wakanawa, wakala, mwalimu wa madrasa akaomba dua, na baba akasimama akawashukuru watu kwa kumjulia hali mwanawe, akasema mtoto sasa amepona. Sasa hapo ndipo pa kusikiliza. Kwetu sadaka ya kupona ikishaliwa, mgonjwa hayupo tena. Huwezi kumlia mtu wali wa kupona halafu kesho akaonekana amelala. Ni kama umewadanganya watu, na Mungu naye umemhusisha.

Na mie kesho yake nilikuwa nimelala.

Nitajitahidi kuwaeleza uchovu ule, maana sijaupata tena maishani, na mie nimebeba magunia. Haukuwa kuumwa. Kichwa hakikuuma, tumbo lilikuwa zuri, njaa ilikuwa imerudi. Lakini nilikuwa nikisimama, miguu inanipa hatua ishirini, na baada ya hapo inakuwa si yangu. Nilikuwa nikienda chooni nyuma ya nyumba, nilipumzika kwenye pipa la maji nikienda, na kwenye pipa hilohilo nikirudi. Kufunga vifungo vya shati la shule kulinitoa jasho. Nilikuwa nasikia moyo wangu masikioni, mzito, kama mtu anayetwanga nyumba ya tatu. Darasani nililaza kidevu juu ya dawati, maneno ya mwalimu yakawa yananifikia yamechelewa. Na usingizi haukusaidia kitu: nililala mchovu, nikaamka mchovu, kama aliyetumwa mahali usiku kucha bila kuambiwa.

Shule zile tulikuwa tunalima, mnakumbuka. Elimu ya kujitegemea. Jembe lilikuwa sehemu ya vifaa vya shule kama daftari, na shule yetu ilikuwa na shamba bondeni, udongo mweusi unaonata, tunapanda viazi vitamu masika yakishaisha. Kila mwanafunzi alipewa matuta matatu, na mbele ya matuta yake alichomeka kigingi chenye jina lake. Mwalimu wa shamba alikuwa na kamba yenye mafundo. Alipima urefu wa tuta na kimo chake, na ole wako tuta liwe fupi kwa fundo moja. Wenzangu walikuwa wameshamaliza nilipokuwa kwenye mkeka. Kigingi changu kilikuwa kimesimama peke yake mbele ya majani.

Siku za mwanzo nilijaribu. Nilipiga majembe sita, nikakaa. Mwalimu akaniuliza kama bado naumwa. Kabla sijajibu, mtoto mmoja aliyekula wali wetu akasema mbele ya darasa, "Huyu alishapona, mwalimu. Sie tulikula sadaka." Basi. Nikapewa jina. Enzi hizo asiyefanya kazi akala jasho la wenzake aliitwa kupe, na lilikuwa tusi la hadharani, la kwenye mikutano. Mie nikawa Kupe wa Balozi. Walikuwa wananiimbia njia nzima hadi nyumbani, na kwa kuwa nilitembea polepole, wimbo ulikuwa mrefu.

Jina lilimfikia baba kwa njia mbaya zaidi. Kwenye mkutano wa nyumba kumi, uani kwetu, alikuwa anamgombeza bwana mmoja fundi viatu aliyeonekana siku nyingi anacheza bao mchana. Yule bwana alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu zote, kisha akauliza, "Sawa, balozi. Na yule anayelala kibarazani kwako mchana, tumwandike wapi?" Watu walicheka. Nilikuwa nimekaa nyuma ya mlango, nilisikia kicheko kile na nilisikia baba akiufunga mkutano.

Hakunipiga. Laiti angenipiga tungemaliza siku hiyohiyo. Aliingia ndani, akachukua kikapu cha ukindu, akatia kaptura zangu mbili, shati langu la Idi na msahafu wangu mdogo, akakiweka karibu na mlango mahali nitakapokiona kila nikipita. Mjomba wetu wa Rufiji alikuwa anakuja mwisho wa juma kumtazama mama. Baba alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayepanga zamu za usafi wa mtaa: mwalimu anakagua matuta Jumamosi. Yakiwepo matatu, nguo zinarudi sandukuni. Yasipokuwepo, Jumapili naondoka na mjomba kwenda kijijini, huko watu wanalima, huko nitafundishika.

Mama alisema kutoka nyuma ya pazia, "Baba Mwanahawa, mtoto bado hana nguvu."

"Macho yake si meupe?"

Mama akajibu, "Meupe."

"Haya."

Msidhani baba alikuwa katili. Ni mtu aliyekuwa na kipimo kimoja, na kipimo kilisema nimepona. Lakini mie Rufiji nilikuwa naijua kwa masimulizi ya mjomba mwenyewe: wamehamishwa bondeni wakapelekwa kwenye kijiji kipya, shule iko mbali, simba anapita uani kama mbuzi. Na zaidi ya simba, nilijua kwamba mtoto aliyepelekwa huko kufundishika harudi. Alikuwa amekwenda binamu yangu mmoja, na jina lake lilikuwa limeacha kutajwa kwenye hesabu ya sahani.

Zilibaki siku tano. Jioni ile dada alinikuta kwenye pipa la maji, nalia bila sauti kwa kuwa sauti nayo ilihitaji nguvu. Aliweka ndoo chini akakaa pembeni yangu. Hakunibembeleza, hakuwa mtu wa kubembeleza. Aliniambia, "We unakosea. Unakwenda mpaka unachoka, ndo unakaa. Kaa kabla hujachoka."

Nikamwuliza nitajuaje kama nitachoka na bado sijachoka.

"Hesabu," akasema. "Miguu ikikupa hatua ishirini, we tumia kumi. Kaa. Halafu chukua kumi zingine."

Kesho yake akanichukua bombani na kopo dogo la maziwa. Tulikuwa tunakwenda hadi ua wa Mama Zaituni, tunakaa. Tunakwenda hadi kwenye tairi la lori lililofukiwa nusu, tunakaa. Hata yeye alikuwa anakaa. Ndoo iko kichwani, anaitua, anakaa, anafumba macho, na mie nilidhani ananisindikiza tu, nikaona dada yangu ana huruma siku hizi. Tulichukua muda wa kupika maharage kwenda mahali pa dakika tano. Lakini kopo lilifika. Siku ya tatu lilifika limejaa. Niwaambie ukweli, mbinu ile ndiyo niliyojengea biashara yangu yote. Sijawahi kukopa hadi mwisho wa uwezo wangu, sijawahi kupakia Fuso hadi sindano ya mizani iseme. Natumia kumi kati ya ishirini. Watu wameniita mjanja, na mie nimeitikia.

Ijumaa tukatoka shule saa sita. Darasa la saba walikuwa na masomo ya ziada kwa ajili ya mtihani wa kumaliza, kwa hiyo nilishuka bondeni peke yangu na jembe begani. Nilipiga majembe kumi, nikakaa. Kumi, nikakaa. Tuta likaanza kuonekana, nusu ya tuta, na udongo ulikuwa unanata kwenye jembe mpaka likawa zito kama mtoto. Jua lilikuwa utosini. Nilijiambia nitakaa kidogo zaidi kwenye kivuli cha mkorosho uliokuwa ukingoni, na hapo ndipo kumbukumbu zangu za kulima zinapoishia.

Nilipoamka kivuli kilikuwa kimehamia upande mwingine. Matuta yalikuwa matatu. Marefu, yamepandishwa vizuri, migongo imesawazishwa kwa nyuma ya jembe, kazi ya mtu anayejua. Na dada alikuwa amekaa juu ya tuta la mwisho, sare yake ya shule imekunjwa na kufungwa kiunoni juu ya kanga, paji la uso ameliegemeza kwenye mpini. Mabega yalikuwa yanatikisika. Nilidhani anacheka kwa sababu nimelala, nami nikacheka. Alipoinua uso nilimwona ana midomo mikavu yenye rangi ya majivu. Pembeni yake palikuwa na mahali alipofukia kitu kwa mguu, udongo mbichi, na mie nikamwuliza amepanda nini hapo. Akasema hakuna kitu, twende.

Njiani alinishika mkono, au nilimshika mie, sikumbuki nani alikuwa anamvuta mwenzake. Karibu na nyumbani akasimama. "Ukiulizwa, umelima mwenyewe."

"Na wewe?"

"Mie nilikuwa darasani."

Jumamosi mwalimu akaja na kamba yake. Akapima tuta la kwanza, la pili, la tatu, akarudia la tatu kwa kutoamini. Kisha akasema mbele ya wote kwamba kumbe kupe naye akiamua huwa mkulima, na wenzangu wakapiga makofi kwa kuwa waliambiwa wapige. Baba alikuja mwenyewe bondeni kuangalia. Alipita katikati ya matuta yangu mikono nyuma, akanipa mkono kama anavyompa mwanamume mwenziwe. "Marahaba," akasema, ingawa sikuwa nimemwamkia. Jioni kaptura zangu zilirudi sandukuni. Nilikula dagaa wa kukaanga siku hiyo na hawakunigeuza tumbo.

Nilipona polepole, jinsi miti inavyokua, hakuna siku unayoweza kuitaja. Viazi vilipochimbwa nilikuwa nakimbia. Na kisa kilikuwa kimeshaanza kubadilika mdomoni mwangu. Mwanzoni nilikuwa nasema dada alinisaidia kidogo. Halafu nikawa nasema alikuja mwishoni. Nilipofikisha miaka ishirini alikuwa ametoka kabisa, na sikusikia uzito wowote kumtoa.

Dada naye kuanzia siku zile alianza kuharibikiwa, ndivyo tulivyosema nyumbani. Aliunguza wali mara mbili. Alikutwa amesinzia jikoni, mwiko mkononi, moto umezimika. Alikuwa mpole siku zote, sasa akawa kimya. Mama alitoka arobaini akamkuta na ndoo nusu tu, akamgombeza. Mtihani wa darasa la saba ulipofika, msimamizi alimkuta amelala juu ya karatasi ya hesabu. Hakufaulu. Mtoto aliyekuwa wa kwanza au wa pili tangu darasa la kwanza hakufaulu, na baba alisema neno ambalo lilinifurahisha siku ile, nalikumbuka vizuri namna lilivyonifurahisha: "Kumbe mvivu wa nyumba hii ni huyu. Nilitaka kumpeleka Rufiji asiyestahili."

Mjomba alipokuja tena, dada aliondoka naye. Nilimsindikiza hadi kituo cha basi, nimembebea kikapu. Aliolewa hukohuko, akazaa hukohuko, akafiwa na mume hukohuko. Nilikuwa namtumia nguo za Idi, na gunia la sembe kila nilipokumbuka.

Mwaka juzi nilimwoza binti yangu, dada akaja. Amekuwa mwanamke mfupi, mwembamba, mwenye sauti ndogo. Usiku wa kupokea wakwe nilisimulia kisa cha matuta, kwa ustadi wote, nao wakatikisa vichwa kwa heshima. Yeye alikuwa kwenye mkeka na wanawake, anatabasamu. Asubuhi yake nilimkuta uani anachambua mchele kwenye ungo, nikavuta kigoda. Nilitaka aniambie nimesimulia vizuri. Nikamwuliza kwa mzaha, "Hivi dada, siku ile we ulilima mangapi?"

"Mawili na nusu," akasema, akatoa jiwe, akalitupa. "Nusu yako ilikuwa nzuri lakini."

Tukacheka. Halafu akasema, kama anayezungumzia mvua ya zamani, kwamba ingekuwa rahisi zaidi kama macho yake yasingekuwa ya manjano siku hizo. Sikumwelewa. Akanieleza. Ilimwanza juma lilelile la sadaka yangu. Aliuona mkojo wake, akajua. Mafuta yalimtapisha, naye ndiye mpishi. Pale bondeni alitapika mara tatu, akafukia.

Nikamwambia haiwezekani, mtaa mzima ulikuwa unavuta kope za watoto.

"Zako," akasema. "Mie nilikuwa nimeshavunja ungo mwaka ule. Nilifundishwa nikimwamkia mtu nitazame chini. Nikatazama chini. Nani angeniona?"

"Kwa nini hukusema, dada?"

Alipepeta ungo mara mbili kabla ya kunijibu. "Mama yuko ndani kwenye arobaini, wewe uko kibarazani. Wa tatu angelala wapi?"

Nilimwuliza kuhusu mtihani. Alisema swali la kwanza analikumbuka mpaka sasa, lilikuwa la pishi za mchele, na alilipata. La pili halikumbuki. Kisha akainuka kwenda kuosha mchele, kwa sababu watu walikuwa wanasubiri kula, na alipokuwa anainuka alishika goti akakaa tena kidogo, akapumua, ndipo akainuka.

Mie ni mtu wa kupima. Nimejaribu kuipima hii habari na haikai kwenye mizani yangu. Nilipokuwa na miaka tisa nilidhani uchovu ni kitu kinachompata mtu, kama mvua, na anayelala amelala kwa kuwa amechoka. Sikujua kwamba katika nyumba yetu kulala kulikuwa ni nafasi, nafasi ya mtu mmoja na nusu, mama na mtoto wake wamechukua moja, na hiyo nusu nyingine nilikuwa nimeilalia mie. Baba alikufa anaamini alimwondoa mvivu nyumbani. Sikuwahi kumsahihisha kwa sababu sikujua, na sikujua kwa sababu sikuuliza, na sikuuliza kwa sababu kisa kilikuwa kinanipendeza jinsi kilivyo.

Mwezi uliopita fundi wangu wa mashine, Selemani, mtu wa makamo kama mie, aliugua dengi. Homa ilimwacha, vipimo vikawa safi, akarudi kazini. Siku ya nne nikamkuta amekaa juu ya magunia, spana mkononi, anatazama mashine iliyosimama. Aliponiona akajaribu kunyanyuka upesi. Amefanya kazi kwangu miaka kumi na moja, alijua kinachofuata, akawahi kusema mwenyewe, "Najua bosi. Matuta matatu."

Nikakaa karibu yake juu ya gunia. Nikamwambia alisikia vibaya, ama mie ndiye niliyesimulia vibaya. Nikamwambia yalilimwa na msichana wa miaka kumi na mitatu aliyekuwa anaumwa kuliko mie, na jina lake Mwanahawa. Selemani alisikiliza, akageuza spana mikononi, akafikiri. Ni fundi, hapendi kitu kikiwa na sehemu isiyo na kazi.

"Sasa bosi," akauliza, "wakati huo wote we ulikuwa unafanya nini?"

Nikamwambia nilikuwa nimelala. Nikamwambia na yeye akalale.